Mtaro Mmoja, Wenyewe Watano: Kisa cha Ada ya Mvua Nakuru

Mkutano wetu ulifanyika Jumamosi moja baada ya mvua kubwa, ndani ya ukumbi wa kanisa ambao ukuta wake bado ulikuwa na mstari wa tope, kimo cha goti la mtu mzima. Tulikuwa wenye ploti thelathini na mmoja, wapangaji wachache waliokuja na hasira zao, na mwenyekiti wa mtaa aliyeshika kitabu cha risiti. Ajenda ilikuwa moja tu: kila ploti itoe shilingi 500, vijana wa mtaa wapewe kazi ya kuzibua mtaro. Tukatoa. Vijana wakaingia na sepetu na majembe, na kwa siku tatu mtaro ukawa mtaro kweli. Walitoa mchanga wa kijivu, chupa za soda, magunia, nepi na godoro moja zima. Vyote vikarundikwa ukingoni kusubiri lori. Lori halikuwa kwenye hesabu ya mia tano. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha usiku, na kulipopambazuka rundo lote lilikuwa limerudi lilikotoka, isipokuwa godoro, ambalo mtu alikuwa ameshalichukua.

Kwenye mkutano huo mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha aliuliza swali ambalo halikujibiwa: "Mwenyekiti, kwani huu mtaro ni wa nani?" Watu wakacheka, wakidhani anatafuta njia ya kukwepa mchango. Mimi nimelibeba swali hilo tangu siku ile. Kila ninapowasikia watu wakizungumzia jiji kuwa na shirika la maji ya mvua, lenye ada yake na mafundi wake, huwa wanaanza na bei: itakuwa shilingi ngapi kwa mwezi? Bei ndiyo sehemu rahisi. Mama yule alianzia panapostahili.

Maji yanakopita

Nakuru, jiji letu hapa Kenya, imekaa kwenye mteremko. Ukingo wa kreta ya Menengai uko zaidi ya mita 2,270 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nakuru liko kama mita 1,760, na katikati ya hapo ndipo lilipojengwa jiji la watu 570,674 kwa hesabu ya sensa ya 2019. Mvua ikipiga huko juu, maji hayaulizi njia. Yanavuka barabara kuu, yanavuka reli, yanapita mjini, yanashuka mitaa ya chini kama wetu, yanapenya ua wa mbuga ya wanyama na kuishia ziwani. Na ziwa lenyewe halina mto unaotoka. Maji yakishaingia humo, hayatoki ila kwa kukaushwa na jua. Chupa haikaushwi na jua.

Halafu kuna udongo. Jina la Nakuru husemwa limetokana na Kimaasai, mahali pa vumbi, na aliyelitoa hakukosea. Ardhi hii ni majivu ya volkeno, mepesi na legelege. Kiangazi ni vumbi puani, masika ni mchanga mtaroni. Mtaro uliozibuliwa Machi unaweza kufika Mei ukiwa nusu umejaa hata kama hakuna mtu aliyetupa karatasi. Kwa hiyo kinachohitajika hapa ni mikono ya kila wiki. Sherehe ya kukata utepe haitoi mchanga kwenye kalvati, lile pito la maji chini ya barabara.

Sasa hesabu wenyewe. Panapopita barabara kuu ya kitaifa, mtaro wa kando ni wa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Kwenye barabara za mjini zilizo chini ya serikali ya kitaifa, ni wa KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Chini ya reli, kalvati iko kwenye ardhi ya Shirika la Reli. Barabara za mtaa ni za kaunti. Ukivuka ua wa mbuga, unaingia kwa KWS, shirika la wanyamapori. Maji yale yale, siku ile ile, ndani ya saa moja, yamepita mikononi mwa taasisi tano, na kila moja ina bajeti yake, mhandisi wake na mwaka wake wa tenda. Tulipoanza kupeleka malalamiko, ofisi ya kwanza ilituelekeza kwa ya pili, ya pili ikatuelekeza kwa ya tatu, na ya tatu ikatuuliza kama tulishapita kwa ya kwanza.

Si jambo la kuchekwa sana. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, katika kaunti hii hii ya Nakuru, maji yalishuka Mai Mahiu na kufagia Kamuchiri, na watu zaidi ya 45 wakafa. Awali ilisemekana ni bwawa lililopasuka. Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, kwenye pito lililozibwa na mawe, miti na udongo, hadi tuta likashindwa. Pito moja tu chini ya reli. Ukishalijua hilo, swali la nani mwenye kalvati halibaki swali la makaratasi.

Bomba halijui mvua

Njia inayomjia kila mtu akilini ni kubandika ada kwenye bili ya maji. NAWASSCO, kampuni ya maji ya Nakuru, tayari ina mita, ina orodha ya wateja, na watu wamezoea kulipa kwa simu. Ongeza mstari mmoja chini ya bili na umemaliza. Nami niliiona hivyo mwanzoni.

Lakini fanya hesabu ya mabati. Ploti ya futi hamsini kwa mia ina mita za mraba kama 464. Tuseme paa na ua wa kabro, yale matofali ya kutandika chini, vimefunika 400. Mvua ya milimita 40, ambayo masika si ya kushangaza, itaangusha hapo lita 16,000, yaani mitungi 800 ya lita ishirini. Kabla ya kujengwa, nyasi na udongo wa ploti hiyo vingenywa sehemu nzuri ya maji hayo. Sasa karibu yote yanaenda barabarani. Panda juu kidogo hadi kwenye yadi ya malori, au eneo la maegesho la duka kubwa, lenye hekta moja ya lami na zege: mvua hiyo hiyo inatoa lita 400,000. Mitungi elfu ishirini. Na yadi hiyo inatumia maji gani ya bomba? Vyoo viwili, sinki moja na hozi ya mlinzi. Kwa upande mwingine, mama wa nyumba za kupangisha ana wapangaji kumi na sita kwenye mita moja. Bili yake ya maji inaweza kuipita ya yadi mara kadhaa. Ukitoza ada ya mvua kwa kufuata bomba, anayefua nguo za watoto anamlipia mwenye malori.

Kosa hili lilishafanywa kwingine na likarekebishwa. Philadelphia, Marekani, ilikuwa ikitoza maji ya mvua kwa kufuata ukubwa wa mita ya maji. Maegesho yasiyo na mita hayakulipa chochote, ingawa ndiyo yaliyofurisha mitaro. Kuanzia 2010 jiji hilo likahama: mali zisizo za makazi zikaanza kutozwa kwa ukubwa wa kiwanja na eneo lililofunikwa na paa, lami au zege, na nyumba za kawaida zikalipa kiwango kimoja. Wenye maghala makubwa waliona bili zikipaa, kelele zikawa nyingi, na jiji likalazimika kupandisha kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Miji mingine ilitangulia: Bellevue ya jimbo la Washington ilikuwa na shirika la aina hii tangu 1974. Leo Marekani ina mashirika ya namna hiyo zaidi ya elfu moja na mia tano. Mengi yanatumia kipimo kimoja rahisi: chukua nyumba ya kawaida ya mji huo, pima eneo lake lililofunikwa, liite fungu moja. Mwenye eneo mara kumi analipa mafungu kumi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuikagua bili hiyo, na kwangu huo ndio uzuri wake mkubwa.

Kupima si kazi ngumu kama zamani. Google ilitoa mwaka 2021 ramani ya wazi ya michoro ya majengo barani Afrika, iliyotokana na picha za setilaiti. Paa la ploti yangu limo. Ua wa kabro na lami havimo kwenye ramani hiyo, kwa hiyo yadi kubwa zitahitaji mtu mwenye futi ya kupimia na barua ya kumruhusu kuingia getini. Ningeanza na mali mia kubwa kabisa jijini kabla ya kugusa nyumba hata moja.

Ada au kodi

Hapa ndipo kisa kinapokaza. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua kwenye maeneo yaliyojengwa; imeitaja kwa jina kabisa, pembeni ya huduma za maji na usafi. Kwa hiyo uwezo upo. Lakini uwezo wa kufanya kazi haukupi moja kwa moja uwezo wa kutoza. Kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi, kodi ya burudani, na kodi nyingine iliyoidhinishwa na Bunge la kitaifa. Kando ya hizo, kaunti inaweza kutoza malipo kwa huduma inazotoa. Basi ada ya mvua ni ipi kati ya hizo mbili?

Ikiwa ni malipo ya huduma, lazima ifanane na huduma. Lansing, mji wa Michigan, iliangukia pua hapo. Ilitoza ada ya maji ya mvua, mkazi mmoja akaenda kortini, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba hiyo ilikuwa kodi iliyovaa nguo za ada: lengo lake lilikuwa kukusanya mapato, kiasi hakikulingana na faida anayopata anayelipa, na mtu hakuwa na njia ya kuikwepa. Kodi ingehitaji kura ya wananchi, na kura haikupigwa. Ada ikafa. Sheria ya Michigan haitufungi sisi, ila mwanasheria yeyote wa Nakuru anayetaka kuipinga ada yetu ataanza na hoja hizo hizo tatu. Dawa yake ni fungu: bili inayofuata eneo ulilofunika, na punguzo kwa anayepunguza maji yake.

Kisha kuna kushirikisha umma, jambo ambalo kaunti nyingi hulichukulia kama kikao cha soda na mikate. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria nzima ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo baadaye. Sheria nzima, pamoja na ada ambazo hakuna aliyekuwa na shida nazo. Ukichomeka ada ya mvua kimyakimya kwenye sheria ya fedha ya mwaka, unahatarisha hata ada ya soko.

Jambo la tatu ndilo wenzangu wa mtaa walilielewa haraka zaidi: pesa zitakaa wapi? Kwa kawaida kila shilingi inayokusanywa na kaunti huingia kwenye hazina yake ya mapato, kisha hutoka kwa bajeti. Ukizibua mtaro Aprili, pesa zinaweza kutoka Oktoba. Hospitali za umma zilipitia hayo hayo: mgonjwa analipa leo, glavu zinanunuliwa robo ya mwaka ijayo, hadi sheria ya 2023 ilipoziruhusu kubaki na zinachokusanya. Kwa mitaro, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 116, inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalum kwa idhini ya baraza lake na bunge la kaunti. Bila mfuko huo, ningewashauri majirani zangu waikatae ada yote.

Hesabu ya mtaro mmoja

Nimejaribu kuipigia hesabu sehemu ambayo maji yake yanafika kwetu. Namba hizi ni za kukadiria tu, za kuonyesha jinsi mashine inavyofanya kazi. Tuseme fungu moja ni mita za mraba 200. Kuna nyumba 1,500 zenye fungu moja moja. Ploti za kupangisha 300 zenye mafungu mawili, jumla 600. Na mali kubwa 30, kila moja ikiwa na wastani wa mafungu 40, jumla 1,200. Yote pamoja ni mafungu 3,300. Shilingi 100 kwa fungu inaleta 330,000 kwa mwezi, yaani milioni 3.96 kwa mwaka. Zile mali 30 zinalipa 120,000 kati ya hizo, zaidi ya theluthi moja. Ukitoza kila mtu sawa badala yake, shilingi 180 kwa kila akaunti, unapata karibu pesa zile zile, lakini mali 30 zinalipa 5,400 tu kwa pamoja. Tofauti hiyo ndiyo siasa yote ya jambo hili. Mama wa ploti ya mafungu mawili angelipa 200 kwa mwezi. Akiwagawia wapangaji kumi na sita, ni shilingi 12.50 kila mmoja.

Milioni 3.96 zinafanya nini? Vibarua wanane, shilingi 900 kwa siku, siku 26 za mwezi, mwaka mzima: 2,246,400. Zinabaki milioni 1.7 za kukodi lori la kubeba mchanga, kununua vifuniko na kurekebisha kuta zilizobomoka. Zinatosha kuutunza mtaro. Kujenga mpya, hazitoshi hata kidogo. Yeyote anayewaambia wananchi kwamba ada hii itajenga mitaro mipya anawadanganya. Ujenzi utatoka kwenye ruzuku, mikopo, au bajeti ya maendeleo. Na wakilipa asilimia 60 tu, mkononi kuna 2,376,000: vibarua wamelipwa, lori halipo, na tumerudi kwenye rundo letu la ukingoni.

Utawabana vipi wasiolipa? Kumkatia mtu maji ya kunywa kwa deni la mtaro ni njia ya mkato itakayokufikisha kortini, maana maji ni haki chini ya Kifungu cha 43. Tena wengi wana visima. Kodi ya ardhi ina meno ya taratibu zaidi: huwezi kuhamisha umiliki wa ploti bila cheti cha kuonyesha hudaiwi. Ada ya mvua ikipanda mgongo huo, haitaleta pesa kesho, lakini hakuna atakayeuza yadi yake bila kulipa.

Na taasisi za umma je? Washington, mji mkuu wa Marekani, ilikuwa na vita virefu na ofisi za serikali kuu ya Marekani, zilizodai ada ya mvua ni kodi na serikali hailipi kodi ya mji, hadi sheria ya 2011 iliposema wazi kwamba zinalipa. Hapa kwetu shule, magereza, hospitali na reli zina mabati mengi. Tusipoandika mapema kwamba nazo zinalipa, mzigo wao utahamia kwa jirani.

Wakala za barabara zina hoja tofauti. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli inatozwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Mtaro wa kando ya barabara ni sehemu ya barabara. Kabla jiji halijamtoza mwenye nyumba ili kuzibua mtaro wa barabara kuu, pawepo mkataba wa maandishi unaosema wakala italipa kiasi gani, au itaukabidhi mtaro kwa jiji pamoja na pesa zake. Katiba inaruhusu ngazi mbili za serikali kukabidhiana kazi, mradi pesa zifuate kazi.

Jambo la punguzo linataka uangalifu wa kienyeji. Wengi hapa huvuna maji ya mvua kwa kuwa ya visima yana floridi nyingi inayopaka meno rangi ya kahawia. Tangi la lita 10,000 kwenye paa la mita 400 hujaa kwa milimita 25 za mvua. Mvua ya pili ya Aprili inalikuta limejaa, halisaidii mtaro. Lipewe punguzo, lakini dogo. Mashimo ya kunyonya maji, ambayo vitabu vya nje huyasifu, ningeyaogopa: Nakuru ina nyufa za ardhini zinazofunguka baada ya mvua kubwa, na kuelekeza maji mengi mahali pamoja kunaweza kumeza ukuta wa jirani.

Shirika lenyewe? Kampuni mpya yenye mkurugenzi, bodi na magari meupe ingemaliza milioni zetu kabla ya kununua sepetu. Kitengo kidogo ndani ya bodi ya jiji kinatosha, chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011: mhandisi mmoja, mtu wa ramani, mhasibu, na vibarua. Kazi ya kwanza ya mtu wa ramani iwe kuandika, kalvati kwa kalvati, jina la mwenyewe.

Sisi mtaani tuliitisha mchango wa pili. Safari hii tulipandisha hadi 800 ili lori liwemo. Walilipa kumi na tisa kati ya thelathini na mmoja. Yadi ya malori iliyo juu yetu haikuombwa kitu, kwa kuwa hakuna aliyejua ni getini kwa nani apeleke kitabu cha risiti.